GARI LA BEI MBAYA: UNALIPIA CHUMA AU UNALIPIA SURA?

Umeshawahi kuona gari likisujudu? Mimi nimeshaona. Tena kwa bahati mbaya lilikuwa langu.

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwaka 2019, harusi ya binamu yangu hapahapa Mwanza. Nilichelewa makusudi, si unajua tena, mwenye ndinga ya maana haji pamoja na wapika pilau! Nikatia timu pale nje ya ukumbi na mchuma wangu kutoka Ulaya (jina la kampuni nalihifadhi, sitaki kesi), rangi nyeusi tii, viti vya ngozi, kioo cha juu kinafunguka chenyewe. Vidosho wakageuka. Nikaenda kupaki mbele kabisa, pale kamati walipoacha nafasi kwa ajili ya maharusi.

Saa 6 usiku natoka nimeshiba ubwabwa, nakuta watu wamelizunguka. Pua ya gari imegusa chini, matairi ya mbele yamemezwa na madigadi, nyuma kumebaki juu. Mpiga picha ameacha maharusi, anapiga picha gari. Mama mmoja wa kamati akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia: "Jamani, na hili nalo limekunywa?"

Cheka tu, mimi nilishalia. Kumbe gari lile halikuwa na springi za chuma. Lilikuwa limekalia mifuko ya mpira iliyojazwa upepo, na mfuko ukichoka, gari linalala. Nikapiga simu Dar kuulizia mifuko miwili ya mbele. Bei niliyotajiwa ilikaribia bei ya pikipiki mbili mpya! Na gari lenyewe nilikuwa nimelinunua kwa pesa iliyotengwa kununua kiwanja cha mama kule Buswelu. Mama hajanisema mpaka leo. Ananiangalia tu.

DOGO NA PESA ZA DAGAA

Nimeikumbuka aibu hiyo kwa sababu hivi karibuni bwana mdogo wangu alinijia usiku, amevaa shati jipya. Dogo anafanya biashara ya dagaa. Anachukua mzigo visiwani, anauleta soko la Kirumba Mwaloni, wanunuzi wengine wanatoka hadi Kongo. Miaka saba amekomaa na magunia, ananuka dagaa mpaka mchumba wa kwanza alimkimbia. Sasa mtaji umekaa vizuri.

"Kaka, nataka gari," akasema. Akatoa simu, akanionyesha picha. Nikashtuka! Lilikuwa ndugu yake na lile langu lililosujudu.

Nikaanza kumhubiria. Akanikatiza kwa swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Kaka, hebu niambie ukweli. Gari likiuzwa bei mbaya namna ile kule kwao, si ndiyo limetengenezwa vizuri zaidi? Au mtu anaweza kuuza kitu bei mara tatu bure tu?"

Nikakosa jibu. Maana kuharibikiwa gari moja si ushahidi. Nikamwambia Jumapili twende kwa mtu anayezijua gari kwa chini, siyo kwa juu.

LALA CHINI UONE

Mtu huyo ni mzee mmoja fundi wa Igogo. Alianza kushika spana enzi za Peugeot 504 na Land Rover 109. Tukamkuta amekaa kwenye kigoda, anakunywa uji.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mwangaluka. Gari liko wapi?"

"Gari bado hatujanunua, mzee. Tumekuja kuuliza kabla."

Mzee akacheka mpaka uji ukamwagika. Akasema katika miaka yote ya kazi yake wanaokuja kabla ya kununua anaweza kuwahesabu kwa vidole. Wengi wanakuja wamebebwa na breki dauni.

Bahati nzuri pale gereji kulikuwa na magari mawili yamepaki ubavu kwa ubavu. Moja ni Toyota Harrier, lile toleo la pili ambalo Wabongo tumelibatiza tako la nyani. La pili ni Lexus RX lililotoka Uingereza. Yote mawili injini ya lita 3.0, silinda sita. Mzee akatandika boksi la karatasi. "Ng'wanawane, lala. Juu kule ni pa wanunuzi, chini huku ndipo petu sisi."

Dogo akalala na shati lake jipya. Mzee akaanza kumwonyesha kwa tochi: mikono ya miguu ya mbele, bushi, boljointi, shokapu, sampo ya oili, bomba la moshi. Kisha akahamia chini ya lile lingine. Dogo akatoka anajipangusa: "Mzee, mbona kitu kilekile?"

Ni kitu kilekile. Na hapa hakuna siri. Toyota walitoa Harrier kwa Wajapani Desemba 1997. Mwaka 1998 gari hilohilo likaanza kuuzwa Marekani na kwingineko kwa jina la Lexus RX 300, na msingi wake ulitokana na ule wa Toyota Camry, gari la kawaida kabisa. Toleo la pili, hilo tako la nyani, lilitoka mwaka 2003. Kule Japani kwenyewe maduka ya Lexus hayakuwepo mpaka mwaka 2005, kwa hiyo magari ya ukoo huo yaliuzwa kwao kama Toyota. Altezza unayoiona mtaani imejazwa muziki ndiyo Lexus IS ya Wazungu. Aristo ni Lexus GS. Celsior ni Lexus LS.

Ila usije ukapigwa changa la macho: Harrier ya toleo lililotoka mwaka 2013 siyo RX tena, kila mmoja alishashika njia yake. Ukiambiwa Harrier ya mwaka 2015 "ni Lexus tupu hii", kataa.

"Kwa hiyo anayenunua Lexus ameibiwa?" dogo akauliza.

"Sijasema hivyo," mzee akajibu. "Nimesema chini ni kulekule. Sasa panda ndani, funga mlango."

PESA INAKWENDA WAPI?

Dogo akapanda kwenye Lexus, akafunga mlango. Nje kulikuwa na mtu anagonga bati na muuza kanda wa injili amefungulia spika. Mle ndani akawa hasikii karibu kitu. Akatoka anatabasamu. Nikajua nimeanza kushindwa!

Hapo ndipo lazima tuseme haki. Pesa ya gari la kifahari haipotei hewani. Inanunua ukimya: vizuizi vya kelele ndani ya milango, mipira minene ya milango, vioo vinavyokata sauti. Inanunua ulaini: bushi laini zaidi, injini ya silinda nyingi ambayo haitetemi. Inanunua rangi iliyopigwa kwa uangalifu na ngozi halisi. Hivyo ni vitu vya kweli, vimegharimu kazi ya watu.

Tena yapo magari ya kifahari ambayo chuma chenyewe kilitengenezwa kwa wazimu. Toyota walianza kazi ya Lexus ya kwanza mwaka 1983 na wakaitoa mwaka 1989, LS 400, injini ya V8 ya lita 4.0. Tangazo lake la Marekani lilipanga piramidi ya glasi za shampeni juu ya boneti, gari likazungusha matairi kwa kasi kubwa kwenye mitambo, glasi hazikuanguka. Ukasema ni mbwembwe za biashara? Basi sikia hili. LS 400 moja ya mwaka 1996, ya mwandishi wa magari wa Marekani aitwaye Matt Farah, ilifikisha maili milioni moja mwaka 2019. Hizo ni kilomita zaidi ya milioni 1.6. Ni sawa na kwenda Dar na kurudi Mwanza mara zaidi ya 700!

Na Benz je? Kuna dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliyeendesha Mercedes 240D ya mwaka 1976 kilomita milioni 4.6. Mwaka 2004 kampuni ikalichukua gari hilo ikaliweka makumbusho. Si mchezo. Ndiyo maana wazee wetu waliwaita vigogo Wabenzi. Lile jina lilikuwa la masengenyo, lakini lile gari lilikuwa chuma.

Ila tazama vizuri, msomaji. Hiyo teksi ya Mgiriki ilikuwa dizeli ya kawaida, haina turbo, haina kompyuta, na injini ilibadilishwa mara kadhaa njiani. Ilidumu kwa sababu ilikuwa nyepesi kufunguka na mwenyewe hakuacha kuihudumia. Nembo ya mbele haikumsaidia kumwaga oili.

KIMEO KINAANZIA HAPA

"Gari la kifahari ni kama bibi harusi," mzee akasema. "Siku ya kwanza kila kitu kinang'aa. Swali ni baada ya miaka kumi na mbili nani anamtunza."

Mzee yuko sahihi. Uzuri wa gari uko wa aina mbili. Kuna uzuri wa siku ya kwanza, na kuna uzuri wa kuzeeka. Kiwanda cha magari ya kifahari kinamfikiria mteja wa kwanza, yule anayelinunua jipya na kulibadilisha baada ya miaka mitatu minne. Wewe na mimi wa Mwanza ni wateja wa tatu au wa nne. Hakuna aliyetufikiria!

Mfano. Mercedes za miaka ya mwanzo ya 1990, zinazosifiwa hadi leo kwa uimara wa bodi na injini, nyingi zilikuja kuugua nyaya. Ganda la nyaya za injini lilikuwa linapukutika lenyewe kwa joto na umri. Injini nzima, nyaya zimeoza. Mfano mwingine ni Range Rover iliyotoka mwaka 1994 na miguu ya upepo. Ikiwa mpya inapita makorongo kama inaelea. Mpira ulipozeeka, wenyewe wengi duniani waliung'oa wakafunga springi za chuma. Mpira hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka. Hata gari likikaa tu kwenye banda, mpira unazeeka.

Sasa ongeza mambo ya kwetu. Hapa Mwanza tuna milima ya mawe na makorongo ya kuingia nyumbani, gari linapanda kwa gia ya kwanza huku rejeta inachemka. Gari linahitaji kulanti, sisi tunajaza maji ya bomba, kutu inakula injini ya aluminiamu kwa ndani. Likichemsha, fundi anang'oa thamostati anatupa, anasema "hii ni ya nchi za baridi". Siyo kweli! Kile kifaa ndicho kinachoshika joto la injini lisipande wala lisishuke kupita kiasi. Injini inataka oili nyepesi, tunamimina nzito kwa sababu ndiyo ipo dukani. Kisha tunampa kijana aoshe injini kwa maji ya presha, sensa zote zinalowa. Toyota ya kawaida inavumilia dhambi hizi kwa muda. Gari lenye kompyuta kila kona halina huruma.

SHANGINGI NA MKONGA

Dogo hakukata tamaa. "Basi shangingi. VX! Mbona serikali na migodi wanazitumia?"

Hapo kagusa penyewe, maana Land Cruiser ni gari la bei mbaya ambalo kweli pesa imeingia kwenye chuma. Linakaa juu ya chesisi nzito ya ngazi. Lakini hata humo kuna ngazi za sura. Lexus LX tangu ile ya kwanza ya mwaka 1996 imekuwa ni Land Cruiser iliyovishwa suti. LX 570 na Land Cruiser ya toleo la 200 zina chesisi ya ukoo mmoja. Tofauti mojawapo ni kwamba LX inapanda na kushuka yenyewe kwa mitambo ya mafuta ya presha, wakati Land Cruiser nyingi zina springi za kawaida. Sasa niambie, baada ya miaka 15, kipi kitaanza kukudai?

Ukitaka kuona pesa iliyokwenda yote kwenye chuma, tazama ule mkonga, Land Cruiser ya familia ya 70 iliyoanza mwaka 1984 na bado inatengenezwa. Nyingi za huku zina injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda sita, bila turbo. Viti vigumu, kelele utadhani mashine ya kusaga, na bei yake mpya inakutoa jasho. Lakini hospitali za mission, migodi na watalii wa Serengeti wanapanda hiyo. Hakuna anayeinunua ili aonekane harusini.

BEI YA GARI INASHUKA, YA SPEA JE?

Mzee akamaliza uji, akatoa somo ambalo mimi nililipia kwa kiwanja.

Kwa nini gari la kifahari lililotumika linafika kwetu kwa bei ya kutamanisha? Kule Japani gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Kodi nayo inapanda kwa ukubwa wa injini. Basi gari kubwa likizeeka, mwenyewe anaona bora aliuze. Ndiyo maana linashuka bei haraka kuliko Corolla. Siyo kwamba umebahatisha, mwenzako amelikimbia!

Lakini bei ya spea haishuki nalo. Shokapu, kontroboksi, gia na taa vinabaki na bei ya gari la tajiri. Unanunua gari kwa bei ya mteja wa tatu, unalitengeneza kwa bei ya mteja wa kwanza. Na spea yenyewe haipo Mwanza. Inatafutwa Gerezani, Dar es Salaam, inapakiwa kwenye basi, inasafiri zaidi ya kilomita 1,100 mpaka stendi ya Nyegezi. Ikifika siyo yenyewe, inarudi.

Kwa hiyo jibu la swali la dogo ni hili. Ndiyo, magari mengi ya bei mbaya yametengenezwa vizuri, lakini yametengenezwa vizuri kwa ajili ya mtu mwingine. Kwa wewe wa Nyakato au Mkolani, uimara wa gari ni kitu cha kawaida sana: ni mafundi wangapi wameshalifungua, na spea yake inafika lini.

KABLA HUJATOA MSHIKO

Mzee aliniruhusu niwape na nyinyi masharti yake:

Moja, uliza bei ya spea kabla ya bei ya gari. Piga simu ulizia shokapu, pampu ya maji na taa ya mbele. Ukiona jasho linakutoka, acha.

Mbili, nenda asubuhi na mapema, gusa boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaliamsha ili usisikie likikohoa.

Tatu, washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime gari likishawaka. Isipowaka kabisa, kuna mjanja ameing'oa ili usijue kinachoumwa.

Nne, kama lina miguu ya upepo, lipaki usiku kucha, asubuhi pima urefu kila upande. Laiti ningejua hili mwaka ule!

Tano, usimalize pesa yote kwenye kununua. Gari linaanza kula siku uliyolileta.

DOGO ALIAMUA NINI?

Tulirudi kimya. Kesho yake dogo akachukua daftari lake la dagaa, akapiga simu Gerezani mbele yangu, akauliza bei za vitu vinne vya lile gari la kwenye picha. Akaandika. Akaanza kugawa kwa bei ya gunia.

"Kaka," akasema polepole, "mifuko miwili ya upepo inakula magunia yangu ya giza zima."

Msomaji usiyejua mambo ya ziwa, dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa. Mwezi ukiwa mweupe wavuvi wanapumzika, na pesa inapumzika. Spea haijui kama mwezi umetoka.

Dogo akanunua Harrier tako la nyani, tena ya injini ndogo, iliyokaguliwa na mzee kwa tochi kuanzia rejeta mpaka bomba la moshi. Pesa iliyobaki ikaingia kwenye mzigo. Siyo kwamba gari halisumbui, mwezi wa pili tu lilidai boljointi. Tuliipata hapahapa mjini, saa nane mchana tukawa barabarani.

Na lile langu? Lipo uani kwa mama, limefunikwa turubai, bado limesujudu. Kuku wanatagia kiti cha nyuma. Juzi wageni walikuja kutoka Magu wakamuuliza mama kama alishapata kile kiwanja alichokuwa anakisema.

Mama akaonyesha turubai kwa kidole. "Kile pale," akasema. "Kina viti vya ngozi."